Somo wa Filamu za Barafu

Simwamini yule mama muuza vitenge wa Mtaa wa Msimbazi, ambaye mabinti wa siku hizi humfanya somo wao kabla ya ndoa. Zamani mwali alifundwa ndani, milango imefungwa. Huyu hufunda dukani, simu ameiegemeza kwenye robota la vitenge, akiwaonyesha filamu za Wazungu wanaoteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye visu chini, wakishindania medali huku wakigombana na kupendana. Wakiruka, mama hushika ukingo wa meza. Wakitua salama hucheka peke yake, kisha huirudisha filamu nyuma aone tena. Mteja akiuliza bei huambiwa, "Subiri baba, hawa wanapatana."

Jumamosi nilimpeleka mjukuu wangu Rukaiya, aliyekwisha kuposwa, kwa kuwa aling'ang'ania, nikakaa mlangoni kuusikiliza huo upuuzi. Kwenye filamu binti alianguka chali mbele ya umati, na kijana wake akamkimbilia bila kuwatazama majaji. Mama akaisimamisha picha kwa kidole chenye hina.

"Mwanangu, siku ile ya utambulisho uliyonisimulia, ulipojimwagia chai, mchumba wako alimtazama nani kwanza?"

"Chai tu hiyo," nikadakia.

"Mzee wangu, anayeolewa si wewe. Mwache aseme."

Rukaiya alikunjakunja ncha ya mtandio. "Aliwatazama wageni. Halafu akacheka nao."

Mama alimsogezea kigoda, naye akaketi. Nilimhimiza mjukuu wangu twende nyumbani, nikamkumbusha kwamba mahari imeshaliwa. Hakuinuka.