Dakika Moja ya Kumkumbuka Mzee Eliamani

Kuna watu mpaka leo tukikutana pale stendi ya Same huniuliza, "Mwalimu, na mimi bado nipo hai?" halafu hucheka na kuendelea na safari zao, na mimi hucheka nao kwa sababu wana haki. Nilijiambia nitakaa kimya mpaka aibu hii isahaulike, lakini nimeona haisahauliki, basi bora niisimulie mwenyewe kuliko kuisikia kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kikuu kishiriki kimoja huku kwetu, na somo ninalofundisha ni stadi za mawasiliano (naomba mcheke sasa hivi, tumalize). Kwa sababu ya somo hilo, kila mwaka unapokaribia kwisha Mkuu wa chuo hunipa mimi kazi ya kuandika Habari za Mwaka, kijarida cha kurasa nane ambacho hugawiwa siku ya kufunga chuo na kutumwa kwenye grupu la wahitimu. Humo unaeleza nani kahitimu, nani kaajiriwa, bwalo limepakwa rangi gani, na ukurasa wa mwisho huwa wa kuwakumbuka waliofariki. Mkutano wenyewe ukifika, mimi ndiye ninayesimama mbele na kukisoma.

Sasa mwaka huo nilikuwa nimechelewa. Nilikuwa nimetoka kusimamia wanafunzi kwenye mafunzo ya vitendo, nina rundo la mitihani ya kusahihisha, na kijarida hakina hata ukurasa mmoja. Nikapita mapokezi kumuuliza Dada Rehema, ambaye ndiye anayejua habari zote za chuo, nani ameingia na nani ametoka mwaka huo. Akanitajia wawili watatu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na Mzee Eliamani wa maktaba ametuacha."

Nikashika meza. Mzee Eliamani ndiye aliyekuwa mhudumu wa maktaba tangu mimi nikiwa mwanafunzi hapo hapo.

"Lini?" nikauliza.

"Mwezi wa sita, wewe ulikuwa huku na huku na wanafunzi. Hata hatukumuaga vizuri, Mwalimu, inaniuma mpaka leo."

"Na wamempeleka kwao Chome?"

"Gari la chuo lilimpeleka mpaka nyumbani kwake."

"Pole sana, Dada Rehema."

"Asante, Mwalimu."

Ndiyo mazungumzo yetu yote. Yapitieni mara mbili mkitaka, mtaona kila mmoja wetu alisema kweli. Yeye alikuwa anazungumzia mtu aliyestaafu akarudi kwao mlimani, mimi nilikuwa nazungumzia jeneza. Na namba ya mzee nilikuwa nayo kwenye simu. Niliitafuta jioni ile, nikaitazama, nikajiambia kwamba itapokelewa na mjane, nami nitakuwa nimemtonesha kidonda kwa sababu ya kijarida tu, basi nikaiacha. Huo ndio uamuzi wenyewe mdogo. Ningebonyeza tu ile namba, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Niliandika ukurasa mzima, nao ulitoka moyoni kweli. Niliandika jinsi alivyokuwa anabandika vitabu vilivyochanika kwa gundi anayoipika mwenyewe kwa unga wa ngano, na jinsi alivyokuwa anatembea kwa mguu mpaka mabwenini kuwafuata wenye vitabu vilivyochelewa, wasije wakazuiwa kufanya mtihani. Nikaandika kwamba mwaka wangu wa kwanza, nilipotaka kuacha masomo, alinipa kiti karibu na dirisha akasema, "Kaa hapa wiki moja, usisome kitu, ukitaka kuondoka baada ya hapo ondoka." Sikuondoka. Juu ya ukurasa nikaweka picha yake na maneno "Buriani, Mzee wetu".

Siku ya kufunga, saa moja asubuhi, nikakituma kijarida kwenye grupu la wahitimu nikaenda kuvaa suti.

Ambalo sikulijua ni kwamba Mkuu wa chuo, mama mmoja mwenye utaratibu wa kuwakumbuka watu, alikuwa amewaalika wastaafu wa mwaka huo waje wapewe vyeti vya shukrani. Kijarida hakuwa amekisoma, aliniamini. Ukumbi ulijaa, ikafika zamu yangu, nikasoma. Mimi nikisoma huinamisha kichwa (wanafunzi wangu nawakataza kufanya hivyo), kwa hiyo sikumwona mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma kwenye saa sita hivi, na koti lake zito la mlimani, akakaa kiti cha mwisho kwa sababu gari lao lilichelewa kushuka. Nilifika ukurasa wa mwisho, nikamaliza, nikaomba wote tusimame dakika moja kumkumbuka Mzee Eliamani.

Wote wakasimama. Naye akasimama, akavua kofia.

Dakika ile ilianza vizuri, halafu nikasikia minong'ono upande wa nyuma, halafu viti, halafu kitu kama mtu anayeziba kicheko kwa mkono. Nilidhani ni utovu wa adabu wa vijana nikakunja uso. Nilipoinua kichwa, nusu ya ukumbi ilikuwa imenipa mgongo, na nyuma kabisa, watu wakiwa wamempisha, mzee amesimama na kijarida mkononi, anakisoma akiwa amekiweka mbali na macho.

"Samahani, Mwalimu," akasema taratibu, kama alivyokuwa akimwambia mtu anayeongea kwa sauti maktabani. "Huyu aliyefariki ni Eliamani yupi?"

Sijui mwenzangu angefanya nini. Mimi nilisema, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akajibu, na ukumbi wote ukaangua kicheko, mpaka meza kuu. Mimi nilibaki nimeshika kipaza sauti na kuomba ardhi inimeze. Lakini kama ingekuwa imeishia pale kwenye kicheko, ningeisimulia mwenyewe kila harusi.

Dada Rehema alikuja mbio kutoka pembeni na simu yake, aliyokuwa ameizima mlio kwa heshima ya shughuli. Namsifu, binti wa Mzee Eliamani, ambaye ana duka mjini Hedaru, alikuwa amepiga na kupiga tena. Asubuhi mteja alimwonyesha ule ukurasa, picha ya baba yake na neno Buriani, chini jina la chuo. Akapiga simu ya baba, haipatikani (iliisha chaji njiani). Akampigia mama yake Chome, akamuuliza baba yuko wapi, mama akasema ametoka alfajiri kwenda chuoni. Basi wakaunganisha wenyewe: gari limeanguka kwenye kona za barabara ya mlimani, na chuo kimeshatangaza. Rehema alimpigia Namsifu pale pale, akampa mzee simu, nikamsikia akisema, "Ni mimi, mwanangu. Ni mimi. Usilie." Lakini simu ya mama kule juu ilikuwa haipatikani tena.

Mkuu wa chuo hakunigombeza. Alichukua ufunguo wa gari, akampa dereva, akanitazama mimi. "Mpeleke mzee kwake. Uende wewe mwenyewe."

Njia nzima nilikaa kiti cha nyuma na mzee. Nilimwomba msamaha kabla hata hatujatoka mjini, akasema, "Nimesikia," akavaa miwani akaanza kusoma kijarida tangu mwanzo. Barabara ilipoanza kupanda na gari kurukaruka juu ya mawe aliendelea kusoma, ameweka kidole chini ya mstari.

"Hapa umeandika nilianza kazi kama mlinzi," akasema baadaye. "Nilianza jikoni."

"Nitarekebisha, Mzee."

"Na hapa, kwamba niliwapenda wanafunzi wote. Si wote."

Tulipita migomba, baridi ikaanza kuingia dirishani. Ndipo akaniambia, bila kunitazama, kwamba siku aliyoondoka alizunguka ofisi tatu kutafuta wa kumkabidhi funguo za maktaba, akakuta watu wako mkutanoni, akampa mlinzi getini. "Nilidhani hakuna aliyeona," akasema. Nilikumbuka kwamba nilirudi chuoni wiki ile ile, nikaingia maktaba mara nyingi, nikamwona kijana mgeni mezani, na sikuuliza.

Tulifika saa tisa. Turubai lilikuwa limeshafungwa uani, sufuria kubwa ziko mekoni, wanawake wamekaa kwenye mikeka na khanga zimefunika vichwa, mwinjilisti amesimama na kitabu cha nyimbo. Mzee akafungua mlango wa gari akashuka. Mama mmoja aliyekuwa anakoroga maharage aliacha mwiko ndani ya sufuria. Watu wakasogea wakatoa njia, na Mama Namsifu akatoka ndani akiwa ameshikwa mikono na wenzake wawili, akawaachia, akatembea peke yake mpaka kwa mume wake. Alimshika koti kifuani kwa mikono yote miwili, akalivuta kama anayelipima, akamwambia, "Simu umezima ya nini?"

"Iliisha chaji."

Ndipo akakaa chini pale pale kwenye udongo, akalia.

Nilipojitambulisha aliinuka. Akajifuta uso akasema, "Wewe ndiye uliyeandika? Basi waeleze hawa." Nikasimama chini ya lile turubai, mimi mgeni mbele ya wazee wa Chome, mwinjilisti akinitafsiria kwa Chasu, yaani Kipare, kwa ajili ya mabibi waliokaa mbele, nikaeleza yote: nilivyosikia vibaya, nilivyokuwa na namba, nilivyoona tabu kupiga. Ile sehemu ya namba mwinjilisti aliitafsiri polepole sana, na bibi mmoja akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo msiba hakuna," akauliza mzee mmoja kutoka nyuma.

"Hakuna, Mzee."

"Na vyakula hivi?"

"Tule," akasema Mzee Eliamani.

Tukala. Katikati ya chakula alinipa kijarida akaniambia nisome ule ukurasa, ila nirekebishe pale pa jikoni. Nilisoma kwa sauti, safari hii kichwa juu. Nilipofika kwenye habari ya kiti cha dirishani, Mama Namsifu alimgeukia mume wake. "Hukuwahi kuniambia haya."

"Hukuwahi kuuliza," akajibu, na watu wakacheka, hata mimi nikathubutu kutabasamu.

Nilidhani yamekwisha. Lakini wakati wa kuondoka mama alinisindikiza mpaka kwenye gari, akashika mlango nisiufunge. Hakuwa na hasira. "Mwanangu, nimekusamehe," akasema. "Ila leo nimekuwa mjane kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Nimeshachagua hata mahali pa kuchimba. Hayo uyajue."

Nimeyajua, na nimeyabeba. Wenzangu chuoni wanakumbuka shikamoo yangu ya ukumbini, na ni kweli inachekesha, ila mimi ninapokumbuka siku ile naona mikono ya yule mama kwenye koti. Mkuu wa chuo aliniachia kazi ile ile ya Habari za Mwaka, labda ndiyo adhabu yenyewe, na nimejiwekea ahadi kwamba jina la mtu halitaingia humo tena kabla sijazungumza naye au na wa nyumbani kwake. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka hukaa siku mbili nzima napiga simu. Wastaafu wengine hushtuka, huuliza kuna tatizo gani chuoni. Huwaambia hakuna tatizo, nilitaka tu kujua wanaendeleaje, na nimegundua kwamba wengi hawataki nikate simu.