Bi Radhiya na Maziwa ya Ng'ambo ya Wikio

Alizaliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, mwaka wa 1290 wa Hijra, yaani yapata 1873 wa Miladi. Baba yake, Maalim Husseini, alishona viatu vya ngozi asubuhi na kusomesha Kurani jioni, na binti alihitimu msahafu kabla ya kaka zake, jambo ambalo kaka zake hawakulipenda. Wapo wasemao kwamba siku aliyozaliwa nyumba ilinukia udi mtaa mzima. Huenda wasema kweli, kwa kuwa nyumba zetu zote hufukizwa udi mzazi akijifungua. Sisi tunaomkumbuka kwa dua hatuna haja ya kumzidishia, maana mema aliyoyatenda mchana kweupe yatosha.

Aliolewa akiwa kijana, akakaa miaka mingi bila mtoto. Mwaka 1900 alijaliwa mwana wa kiume, lakini mwana huyo alikuja na miezi saba tu, mmoja wa hao waitwao watoto njiti. Wazee waliokuja kumsaidia walifanya walivyofanyiwa wao. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, waliyakamua na kuyamwaga chini wakisema ni machafu. Kisha mtoto akalazwa chali, akamiminiwa samli na asali kwa kijiko ili tumbo lilainike. Hawakumtakia mabaya, walimpenda, na hilo ndilo linaloumiza. Mtoto hakuwa na nguvu ya kumeza. Alipaliwa mikononi mwa watu wanaomsomea dua, akafariki.

Maziwa ya Radhiya hayakujua kwamba mwenye kuyanywa ameondoka. Yaliendelea kuja, yakilowesha leso, na kila yalipokuja alilia. Akiwa bado katika majonzi hayo, jirani alijifungua binti mdogo vile vile, asiyeweza kunyonya. Radhiya alikwenda bila kuitwa. Alimvua mtoto nguo, akamlaza wima kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa leso moja. Akakamua maziwa yake katika kikombe cha kahawa kilichochemshwa, akachovya utambi wa pamba safi, akaudondosha mdomoni tone moja. Kabla ya tone la pili alimtazama mtoto kooni na kuuliza, "Memeza?" Yaani, amemeza? Hakuongeza mpaka ameona koo limepanda na kushuka. Binti yule aliishi, na baba yake akatangaza mbele ya watu wa msikitini kwamba Radhiya ni mama wa maziwa wa binti huyo. Hapo ndipo kazi yake ilipoanza, wala hakuiacha tena.

Mumewe alipofariki, mwaka 1903, alihamia Amu, yaani Lamu, mjini. Aliitwa kila upande. Alishuka gati ya Mtangawanda akienda kwao Pate, alifika Kiwayu, alifika hata Kiunga. Mama akiwa na maziwa, alimfundisha kuikamua dang'a na kuihifadhi kwa mtoto. Mama akiwa hana, alitafuta mwenye kunyonyesha, na kila mara alilitaja jina la mwenye maziwa kwa sauti, mbele ya mashahidi. Wajuzi wa dini walimuunga mkono, kwani katika madhehebu yetu maziwa yakimfikia mtoto tumboni mara tano, hata kwa kikombe, aliyeyatoa ni mama na wanawe ni ndugu, na ndugu hawaoani. Maziwa yasiyotajwa, alisema, ni fitina iliyowekwa akiba.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1325 wa Hijra, sawa na 1907. Katika mtaa wa Mkomani walikaa ndugu wawili wafanyabiashara, Bwana Mahdi na Bwana Hamid, katika nyumba mbili zinazotazamana. Juu ya kichochoro kulikuwa na wikio, chumba kinachovuka hewani kutoka nyumba hii hadi ile, chenye mlango katikati. Bwana Hamid alikuwa na mjukuu mchanga, Shifaa, aliyekuwa akinyonya kwa mamake, Rahima. Binti pekee wa Bwana Mahdi, Mwanaarabu, alipopata mimba, wazee wawili walipeana mkono: akizaliwa mwanamume, atamwoa Shifaa, na nyumba mbili zitakuwa moja. Walipanga hata rangi ya mapazia, na mtoto mwenyewe hajafika.

Alifika, mwanamume, miezi miwili kabla ya wakati wake. Mamake akashikwa na homa kali, hata tone la maziwa halikutoka. Baba wa mtoto alikuwa safarini Kismayu, na neno la nyumba lilikuwa la babu. Mtaa ulikuwa mtupu, watu wako mashambani kwa mavuno, na aliyetumwa Shela kutafuta mnyonyeshaji alirudi peke yake. Bi Radhiya alimweka mtoto kifuani, akaulizia maziwa, akaambiwa yako ng'ambo ya wikio, na hayataguswa. Bwana Mahdi alisema, "Akinyonya kwa Rahima, nyumba mbili hazitakuwa moya. Mpeni ya mbuzi." Jamaa mmoja mwerevu akashauri apewe ya Rahima mara nne tu, kisha waache, ili sheria isiwafikie. Bi Radhiya akamuuliza, "Na ya tano mtampa nini?" Mwerevu akakumbuka ana shughuli sokoni.

Basi Rahima, aliyekuwa akisikia yote nyuma ya mlango, aliufungua kidogo, akatoa kikombe kilichojaa. Alikuwa akilia. "Twaa, Bi Radhiya. Hapana atakayeyua." Yaani, hakuna atakayejua.

Tufikiri hapa, ndugu zangu, maana hapa ndipo wengi wetu tungekipokea. Mtoto alikuwa amepoa midomo, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Bi Radhiya alikitazama kikombe kile, naye aliwahi kuzika mwana wake mwenyewe. Akamwambia, "Mola ayua. Na siku ya harusi yao nami ni kaburini, nani atasema? Kishike, mwanangu, usikimwage. Narudi."

Akaenda ukumbini alikoketi Bwana Mahdi, mtoto angali kifuani pake. Hakumwomba wala hakumsomea hadithi. Alimtajia njaa ya mtoto tu, akasema, "Bwana Mahdi, mwana huyu hana ndaa ya mke. Ana ndaa ya maziwa." Kisha akamgeukia mkewe, Bi Nana, akamtaka amfungue mzee vifungo vya kanzu na amlaze mjukuu kifuani pake, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa yeye mwenyewe mikono yake imechoka. Haikuwa imechoka. Bi Nana, ambaye siku nzima hakuwa amepata nafasi ya kusema, alifanya haraka kuliko alivyoombwa.

Mzee aliogopa hata kupumua. Mtoto hakulia, hakuwa na nguvu hiyo. Aligeuza uso polepole, akafungua mdomo, akaanza kutafuta kifuani mwa babu yake, mahali ambapo hapana kitu. Akatafuta, akapumzika, akatafuta tena.

"Mwiteni Rahima," alisema Bwana Mahdi, na machozi yakimshuka ndevuni.

Rahima alivuka na kikombe chake. Tone likaingia, na nyumba nzima ikatega sikio kwa swali, "Memeza?" Alimeza. Kesho yake, mara ya tano ikiisha kupita, baada ya sala ya alasiri Bwana Mahdi mwenyewe alisimama barazani akatangaza kwamba mjukuu wake na Shifaa ni ndugu wa maziwa, na asiyesikia aje aulize. Mwanaarabu alipona, maziwa yake yakarudi kwa kukamuliwa kidogo kidogo, na mtoto, aliyepewa jina la Abdulkadir, akawa na mama wawili.

Bi Radhiya alifariki Amu mwaka 1336, sawa na 1918, baada ya maradhi mafupi. Mwishoni hakuweza kunywa. Rahima alikaa ubavuni pake, akichovya pamba katika maji na kuidondosha midomoni mwake, na kabla ya kila tone aliuliza kama alivyofundishwa, "Memeza?" Wanawake waliokuwapo wanasema mgonjwa alitabasamu. Lilipofika tone ambalo halikumezwa, Rahima aliiweka pamba chini, akamfumba macho. Baadhi ya watu huchukua mchanga wa kaburi lake kwa baraka. Tuache jambo hilo, yeye asingelipenda. Karama yake, wale watoto aliowaokoa, inatembea kwa miguu katika vichochoro vyetu, inanunua samaki, na wengine wao ni wabishi kweli kweli.

Mwaka ule ule Shifaa alifikia umri wa kutawishwa, akae ndani asionwe na wanaume wa kando. Lau angekuwa mchumba wa Abdulkadir, mlango wa wikio ungefungwa mpaka siku ya nikaha. Fundi alikuja na komeo, kama ilivyo desturi, na Bwana Mahdi akamrudisha. "Huyo ni dadake," alisema. "Dada hafungiwi mlango." Basi mlango ukabaki wazi, na Shifaa huvuka kichwa wazi kumpelekea kaka yake mkate wa mofa, na mzee huketi papo hapo katikati ya wikio, ndani ya nyumba mbili kwa wakati mmoja, akingoja kipande chake.

Anayetaka kumfuata Bi Radhiya asitafute makubwa. Amwekee mtoto mdogo kifua chake, asimwage dang'a, amtaje kwa sauti aliyetoa maziwa. Na kabla ya kuongeza tone, aulize, kisha asubiri jibu.