Michembe ya Mama Mkwe Kwenye Oveni ya Mhandisi

Kama kuna chombo ninachokishukuru maishani mwangu, ni oveni ya umeme iliyokuwa katika nyumba ya mhandisi mmoja wa mgodi wa dhahabu, upande wa Geita, miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa mpishi wake. Nilitoka kwetu Mhunze sijui hata kukaanga yai, na sasa nilikuwa naoka mkate ambao wageni wake waligombea kipande cha mwisho. Mniache nijisifu kidogo, maana aibu yangu iko njiani.

Oveni ile ilikuwa na swichi moja ya kuzungusha. Ukiisogeza mara moja, ziliwaka nyaya za chini peke yake. Hapo ndipo pa kuoka: moto wa upole unaopanda taratibu na kukizunguka chakula mpaka kiive hadi ndani. Ukiisogeza tena, ziliwaka nyaya za juu, nyekundu kabisa. Hapo ni pa kubanika, na anayebanika haondoki, kwa sababu kati ya nyama iliyoiva na mkaa ni dakika mbili tu. Mwisho kabisa ziliwaka zote pamoja, ili oveni ishike joto upesi kabla hujaingiza kitu. Ukishaingiza chakula chako, unairudisha swichi kwenye kuoka. Mhandisi alinionyesha siku moja tu. Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa.

Mwaka ninaousema, mke wangu alilazwa hospitali ya mgodi akisubiri kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Mama yake akaja kutusaidia. Alitembea tangu alfajiri mpaka jioni, na punda wa kuazima amebeba magunia mawili ya michembe mibichi. Michembe ni viazi vitamu vinavyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa, na ndicho chakula cha miezi ya njaa. Lakini mvua za mwaka ule zilikataa kuondoka. Mama wa watu alikuwa ameshavuna, ameshakata, na kila akianika, mawingu hayo. Alikuwa mjane, na nyumbani alikuwa analea wajukuu wanne waliofiwa na wazazi. Kwa siku hizo alikuwa amewaacha kwa jirani. Michembe ile ikiota ukungu, wale watoto wangelala na njaa kuanzia Januari. Hilo halikuhitaji kuelezwa.

Nilipokwenda kumwona mke wangu wodini aliniambia, "Wewe si una jiko lisilojua mvua? Mkaushie mama chakula chake."

Nilimwomba mhandisi ruhusa. Akajikuna kichwa, akasema sawa, mradi nyama yake iwe mezani saa moja jioni.

Tatizo halikuwa mhandisi. Tatizo lilikuwa heshima. Katika ukoo wa mke wangu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakutani uso kwa uso. Nikimwona njiani, napinda porini. Akisikia sauti yangu, anajifunika shuka na kuugeukia ukuta. Maneno yetu yote yalipitia kwa mke wangu, na mke wangu sasa alikuwa wodini. Basi mama mkwe alilala chumbani kwetu, nami nikalala stoo ya jikoni, na tulizungumza kwa kuwatumia kuku. "Jamani nyie kuku," angesema uani, "sijui maji ya kunywa yako wapi." Nami ndani ningeiambia sufuria kwamba maji yako kwenye mtungi nyuma ya mlango.

Alasiri ya siku ya pili nikaanza kazi. Niliwasha nyaya zote, oveni ikapata moto. Nikatandaza michembe kwenye sinia mbili, moja nikaiweka juu na nyingine chini, nikafunga mlango. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye swichi niirudishe kwenye kuoka, ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Alikuwa yeye, na gunia la pili mgongoni, akidhani nimetoka. Nilikimbia kwa mlango wa mbele kama mwizi. Naye alipouona mgongo wangu, aliliangusha gunia akakimbilia alikotoka.

Nikasimama mbele ya nyumba, manyunyu yananilowesha, nikingoja amalize shughuli zake jikoni atoke. Kumbe yeye yuko nyuma ya nyumba, analowa vilevile, ananingoja mimi nirudi kwenye kazi yangu. Nilikohoa kumjulisha kwamba niko karibu. Akakohoa naye. Nikajua bado yumo ndani, nikatulia. Nilijiona mkwe mwema kuliko wakwe wote wa Usukuma.

Kisha nikasikia harufu, na mara moshi ukatoka dirishani.

"Mayu wee!" ilikuwa sauti yake, akimlilia mama kwa Kisukuma. "Chakula cha watoto kinaungua!"

Tuliingia kwa pamoja, kila mtu kwa mlango wake. Nilizima swichi. Yeye alikuwa ameshafungua oveni, anavuta sinia ya juu kwa pindo la kanga. Nikamnyang'anya asije akaungua. Hapo ndipo tulipotazamana, kwa mara ya kwanza tangu nioe. Sinia ya juu ilikuwa mkaa mtupu. Ya chini ilikuwa imeshika rangi pembeni tu.

Nilipiga magoti sakafuni. Nilitaka kulia, na sioni haya kusema hivyo. "Nisamehe, mayu. Nimekuharibia."

Nilitegemea ajifunike shuka na kutoka. Badala yake akavuta kigoda, akakaa mbele ya oveni.

"Tumeheshimiana mpaka chakula kimeungua," akasema. "Wale watoto hawatakula heshima. Nionyeshe, huu moto wa juu unazimwa wapi?"

Nikamwonyesha. Aliizungusha swichi mwenyewe mara tatu, akaisikiliza inavyolia, akaniachia. Tukaingiza sinia nyingine kwa moto wa chini, ule mdogo kabisa. Baada ya muda akafungua, akaingiza mkono, akaguna. "Humu mna jua lakini hamna upepo. Vinatoka jasho na vinalirudia." Akauchukua mwiko wangu wa mbao, akaubana mlangoni, mlango ukabaki wazi upana wa vidole viwili. Mvuke ukaanza kutoka. Mimi, fundi wa mikate, jambo hilo halikunijia kabisa. Kwa siku tatu tulipokezana pale, tunakausha, tunageuza, tunaonja, na nyama ya mhandisi ilifika mezani saa moja kila siku. Mtoto wetu alizaliwa salama sinia ya mwisho ikiwa ndani. Mama mkwe akarudi kwake na magunia makavu, yamepungua sinia moja.

Mwezi wa Februari, njaa ilipokuwa imebana kila kijiji, tulimpeleka mtoto kwa bibi yake. Nilisimama nje ya ua kama ninavyopaswa, uso nimeuelekeza barabarani, nikingoja mtu aniletee kigoda na chakula huko huko. Ndani nilisikia watoto wanacheka. Hiyo peke yake ilinitosha. Nilisema wabeja kimoyomoyo, nikimshukuru Mungu na yule mama kwa pamoja.

Aliyetoka alikuwa yeye mwenyewe, na bakuli la michembe iliyopikwa na karanga. Majirani walikuwa wanatazama. Alikuja mpaka mbele yangu, akanitazama usoni.

"Unasimama nje kwa nini?" akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ingia ndani ule, mpishi mwenzangu."

Nikainama mlangoni, nikaingia.