Ng'ombe Mchafu wa Ulaya

Mdachi niliyekuwa nikimfanyia kazi alinipa siku moja ya mapumziko, tikiti ya bustani ya wanyama, na maneno haya: "Nenda ukatazame. Huko utajiona uko kwenu, na hamu ya nyumbani itakuisha." Aliyasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, huku akitabasamu kwa kuridhika na ukarimu wake mwenyewe. Nilijibu, "Ndiyo, Bwana," maana hilo ndilo jibu pekee alilolipenda.

Mimi ni mtu wa Ndandalo, na kufika kwangu katika mji mkuu wa Wadachi hakukutokana na ushujaa wowote. Misheni ilinifundisha kusoma na kusema Kidachi kidogo, na bwana huyo, aliyekuwa akiandika kitabu juu ya lugha yetu, akanichukua nikamtamkie maneno ya Kinyakyusa. Kazi yangu ilikuwa kukaa kitini. Nataja mgomba, anaandika. Ananiambia nitaje tena, anaitazama midomo yangu, anaandika tena. Tulipatana mwaka mmoja, nao ulikuwa umekwisha. Sasa alitaka nibaki mwaka wa pili, kwa kuwa vitenzi vilikuwa bado vinamsumbua, na jibu alilitaka jioni ile ile mezani. Nyumbani baba alikuwa amekwisha kutenga ng'ombe wa mahari yangu, na binti wa kijiji cha Makwale aliyenikubali hakuwa mtu wa kungoja hadi azeeke. Lakini nisiseme uongo, ujira wa Mdachi ulikuwa mzuri na kitanda chake kilikuwa na shuka mbili. Nilitoka asubuhi ile moyo wangu ukiwa nusu huku, nusu kule.

Langoni nilikuta watu wamevaa nguo za Jumapili, wamejipanga kwa adabu, wakingoja kumwona fisi. Fisi! Kwetu fisi hutazamwa kwa mwenge na kelele, tena akiwa na ndama mdomoni. Hawa walimtazama wakiwa wamevua kofia.

Kiboko nilimkuta amejengewa nyumba ya mawe yenye nguzo, na maji yake yanapashwa moto asije akapata baridi. Niliikumbuka bustani ya mahindi ya mama yangu, karibu na mto Mbaka, ambayo kiboko aliimaliza usiku mmoja na kutuachia nyayo tu. Laiti mama angaliambiwa kwamba ipo nchi ambayo mwizi yule anapashiwa maji ya kuoga, angalikaa chini na kucheka hadi jirani waje kumshika. Kiboko alipiga miayo, watu wakapiga makofi. Mjomba wangu hupiga miayo ibada nzima, na sijaona aliyewahi kumpigia makofi.

Nami nilikuwa nikitazamwa. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma nilipopita, kisha akafikiri kidogo, akamsogeza mbele aone vizuri. Nilivua kofia nikamsalimu kwa Kidachi. Alishtuka kuliko ambavyo angeshtuka kama kiboko ndiye angemsalimu.

Mwisho wa njia, nyuma ya twiga, ndipo nilipomwona ng'ombe. Ubao uliandikwa kwamba ni ng'ombe wa Afrika. Basi, Afrika nzima wameipa ng'ombe mmoja! Alikuwa jike mweusi, mwenye nundu, pembe fupi na doa jeupe pajani, ng'ombe ambaye kwetu angesababisha ndugu wagombane. Alikuwa amesimama peke yake ndani ya ua wa miti. Na alikuwa mchafu. Kinyesi kilikuwa kimemkaukia mapajani hadi tumboni, na nywele za mkia zilikuwa zimeshikana zikawa rungu.

Kwetu ng'ombe hulala ndani ya nyumba ya mtu, upande wake, juu ya majani makavu. Kabla jua halijapanda, kinyesi kimekwisha kuzolewa, sakafu imefagiwa, na kila ng'ombe amesuguliwa. Mvulana anayethubutu kupeleka malishoni ng'ombe mwenye mkia mchafu hupigwa na baba yake, halafu wenzake humcheka hadi siku anapooa. Na Wadachi hawa, waliotufundisha shuleni kunawa mikono kwa sabuni, wamemweka ng'ombe katika hali ile na kuuza tikiti aonekane! Nilishikwa na aibu na hasira kwa pamoja. Nilitafuta mtu wa kumgombeza, sikumpata.

Mtu yeyote wa kwetu angefanya nilichofanya. Nilivua koti, nikalitundika juu ya ua, nikaruka ndani.

"Ugonile, mama," nilimwambia, salamu yetu ya asubuhi. Alinusa mkono wangu, akasogea, akasimama kwa utulivu, kama wasimamavyo ng'ombe wanaojua kinachofuata. Niliokota konzi ya nyasi kavu nikaanza kumsugua, shingo kwanza, kisha nundu, kisha ubavu. Ng'ombe hasuguliwi kimya kimya, kwa hiyo nilimsifu. Nilimsifu kwa weusi wake, kwa doa lake, kwa ndama ambao sikujua kama aliwahi kuwazaa. Nikamweleza habari za Ndandalo, mvua zetu, wingi wa nyasi kando ya mto, na ng'ombe wa baba yangu mmoja mmoja. Mwaka mzima sikuwa nimesema neno la kwetu pasipo mtu kuliandika. Siku ile nilisema hadi koo likakauka, na hakuna aliyeandika. Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi kupita siku zote nilizokaa Ulaya.

Nilikuwa nimeufikia mkia niliposikia makofi.

Nikainua kichwa. Ua ulikuwa umezungukwa. Waliokuwa kwa kiboko walikuwa wamehamia kwangu, na wa kwa fisi pia. Baba mmoja alikuwa amembeba binti yake begani. Bwana mwenye miwani aliinama akausoma ubao, akanitazama, akausoma tena, akitafuta mahali nilipoandikwa. Mama mmoja mwenye glovu nyeupe alinirushia mkate mtamu, ukaangukia miguuni pangu. Hakurusha kwa ubaya. Uso wake ulikuwa wa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma.

Mlinzi wa bustani akaja mbio, na kofia yake yenye nembo mkononi. Nilishukuru kumwona. Huyu angalau atanitukana, nilijiambia, atanikamata, atanitoa nje, maana mtu anayeruka ua bila ruhusa huadhibiwa. Alisimama akihema. Aliutazama umati, akanitazama, akautazama tena umati. Kisha akavaa kofia yake na kuniashiria kwa mkono niendelee.

Nilimaliza mkia. Ningeweza kutoka saa ile ile, lakini ng'ombe hana kosa, na haachwi nusu. Nilizitenganisha nywele zake kwa vidole hadi zikaning'inia vizuri, huku macho ya watu yakinipanda mgongoni. Sikumwambia neno lingine. Kisha nikaokota ule mkate, nikaruka ua, nikavaa koti langu. Watu walinipisha njia, na wengine walinuna kwa kuwa onyesho limekwisha mapema. Nilipogeuka, ng'ombe alikuwa amekuja hadi kwenye ua, ameweka kidevu juu ya mti wake, ananitazama ninavyokwenda. Hilo mpaka leo linaniuma.

Nilirudi kwa miguu, na njia nzima sikuwaza habari ya shuka.

Jioni bwana alikuwa mezani, kitambaa kimemkaa shingoni. Alikuwa na uchangamfu wa mtu aliyekwisha kulipata jibu lake.

"Haya, kijana. Ulijiona uko kwenu?"

"Nilijiona, Bwana. Ila nilikuwa upande wa ndani wa ua."

Hakuelewa, na sikumsaidia. Akanionyesha kiti. "Keti, tule kwanza. Halafu tutazungumza juu ya mwaka ujao."

Niliutoa ule mkate mfukoni, umejaa vumbi na vipande vya nyasi, nikauweka katikati ya vyombo vyake vizuri. "Ahsante, Bwana. Mimi nimekwisha kulishwa, watu wa hapa walinirushia. Naomba unitafutie merikebu ya kwanza inayokwenda kwetu."

Aliutazama mkate, akanitazama mimi. Nilidhani ameelewa. Nilidhani atasema hata neno moja, la pole au la hasira. Akasukuma sahani kando, akatoa kalamu yake.

"Nimekwisha kulishwa," alisema. "Hilo kwa Kinyakyusa mnalisemaje? Litamke polepole."

Nilikwenda kufunga mizigo yangu. Neno hilo sikumtamkia.