Tangawizi ya Mama Recheli

Msinielewe vibaya: dawa za mama mkwe wangu zilikuwa zinafanya kazi. Hapa Usoke ukiharisha ulikuwa unakimbilia kwa Mama Recheli. Anakuchemshia majani machanga ya mpera, anakukorogea maji ya chumvi na sukari, na anakaa nawe mpaka upate mkojo. Ukitapika, tangawizi. Lakini ukimletea mtoto aliyelegea macho, anakufokea: "Hospitali! Mimi ni Mungu?"

Mimi ni Jenifa, mke wa mwanawe Benjamini. Msimu wa mwaka juzi nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza baada ya miaka sita ya kutazamwa tumbo na watu wasio na kazi. Tumbaku ilikuwa imeiva, nayo haimsubiri mtu. Unaingia shambani na umande, unabana majani kwapani, na kufika saa nne nguo imelowa chapa, mikono inanata utomvu.

Mchana nikawa natapika, dunia inazunguka. Mama Recheli akacheka. "Huyo wa kiume, anakusumbua!" Akaniletea tangawizi, nikalala. Asubuhi nikaamka mzima, nikarudi kuchuma. Tulienda hivyo wiki tatu. Jumapili tu, siku ambayo hatuchumi, ndiyo sikutapika. Mama akasema ni baraka za ibada, nami nikaitikia amina. Mjinga mimi!

Mimba ikatoka Jumanne. Muuguzi wa zahanati aliitazama mikono yangu, akauliza kazi yangu, na nilipomweleza habari za kutapika akauliza ni siku gani nilikuwa sitapiki. Nikamwambia.

"Basi si mimba iliyokutapisha," akasema. "Ni sumu ya tumbaku mbichi. Inapita kwenye ngozi."

Hakusema ndiyo iliyomuua mwanangu. Alisema tu kwamba mwenye mimba hakutakiwa kuwa mle shambani. Mama Recheli alikuwa amesimama pale pale, akiyasikia yote.

Nilimchukia, sifichi. Shikamoo nilimpa, zaidi ya hapo hakuna. Watu wakija na matumbo yao aliwaambia amestaafu.

Mwezi haujaisha, asubuhi moja nikamkuta kwenye mstari wangu, bibi wa miaka sabini, majani mabichi tele kwapani, nguo imelowa. Nikampita kama mti. Saa sita nikasikia anatapika.

Nikakimbia na maji. Akayasukuma.

"Niache, Jenifa. Jioni nilikuwa nakuponya, asubuhi nakurudisha kuumia. Niache na mimi nijue."

"Mama, utakufa!"

"Wewe ulikuwa na mtoto tumboni."

Jamani, nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo wiki nne nzima, nikidhani yakija nitafurahi. Nikayachomoa yale majani kwapani mwake moja moja, nikaketi kwenye tuta nikampakata kichwa, akatapika mapajani mwangu huku tukilia wote wawili.