Kabale na Mabenchi ya Wazee

Kabale Dadacha alikuwa na sauti ya kufanya hata ngamia wa jirani wageuze shingo. Ndivyo watu wa mtaa wa Wabera, Isiolo, walivyosema. Yeye alicheka tu, akabeba madebe yake ya maziwa akaenda kuuza. Alikuwa mjane. Baba mkwe wake alifariki kwanza, halafu mume, mwaka wa sabini na sita, akabaki na binti mmoja, Halima, na hiyo sauti.

Kila mkubwa akija Isiolo, chifu alituma mtu: "Mama Halima, leta wamama." Kabale alileta wamama arobaini wenye leso za kufanana. Walisimama juani tangu asubuhi mpaka magari yafike saa saba. Yeye alianzisha wimbo, wao wakaitikia, jina la mgeni likiingizwa mahali pake. Mwaka huu jina la huyu, mwaka ule jina la yule aliyemtoa.

Siku moja watu wa redio waliushika huo wimbo kwa mashine yao. Baada ya wiki ukasikika kwenye kila duka. Jina la mgeni lilitajwa mara kumi na moja. Mtangazaji akamalizia, "Hao walikuwa akina mama wa Isiolo wakitumbuiza." Gazeti nalo likatoa picha: mgeni mzima mbele, na nyuma yake wamama waliokatwa shingoni.

"Ayo, wewe ni gani hapa?" Halima alimuuliza mama yake.

Kabale akatafuta kwa kidole. "Mimi ni hii leso ya tatu."

Kwenye wimbo kulikuwa na mstari wa maji, kwa sababu bomba la Wabera lilikuwa limekauka na wanawake walishuka mpaka mtoni. Kila mara chifu aliutoa huo mstari. "Leo ni furaha, mama. Msilete shida." Aliutoa mara nne. Mara ya nne Kabale alirudi nyumbani, na mwaka wa themanini na nane akasema atasimama udiwani yeye mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Kila mtu anasimama nyuma ya yule anayemtaka, vichwa vinahesabiwa. Diwani alikuwa Umuro, mfanyabiashara wa ng'ombe, miaka kumi kwenye kiti. Hakuwa mtu wa kelele.

Wanawake walimwahidi Kabale jikoni, mmoja mmoja, wakipimiwa maziwa. Abiba, aliyeongoza waitikiaji miaka kumi na tano, ndiye aliapa zaidi. "Nitakuwa wa kwanza nyuma yako. Nitakushika leso."

"Na mzee wako?"

"Asimame kwa Umuro akitaka. Kwani jioni ni Umuro atampikia?" Wakacheka mpaka maziwa yakamwagika.

Siku yenyewe ilikuwa kwenye kiwanja cha shule. Kabale alifika mapema akachagua mahali pake, ukuta wa darasa la mwisho, kwa vile kivuli kilikaa hapo mpaka adhuhuri na wamama wangekuja na watoto mgongoni. Umuro alijiweka karibu na lango, kwenye jua kali.

"Mheshimiwa, leo unataka kuchomeka?" watu wakamtania. Akatabasamu tu.

Halafu akatoa mabenchi manne darasani. "Salaam aleikum, Mama Halima," akasema mbele ya msimamizi wa uchaguzi, kwa heshima kabisa. "Wazee wetu wameamka mapema. Si wakae hapa katikati, waone pande zote?"

"Aleikum salaam. Wakae. Ni wazee wetu," Kabale alijibu. Tena akashika benchi moja upande wake, akasaidia kubeba.

Yakapangwa kwa mstari, kutoka ua wa miiba mpaka pembe ya darasa. Wazee kumi na wanne wakakaa, fimbo katikati ya magoti, nyuso zimeelekea lango. Pembeni kabisa, mwisho wa mbali na lango, paliachwa nafasi ndogo. Mtu wa kwenda ukutani kwa Kabale ilikuwa lazima atembee mbele ya magoti yao wote ndipo aifikie.

Saa tatu wamama wakaja, mia na zaidi, wanaimba. Waliingia langoni kwa kelele, na kelele ikafa. Abiba alikuwa mbele. Kwenye benchi la kwanza alikaa Jaldesa, baba ya mume wake.

Kwa Waborana wa hapo, mwanamke hapiti mbele ya baba mkwe wala ndugu zake, na jina la mkwe halitaji. Akimkuta njiani anajifunika uso, anazunguka. Kama hakuna pa kuzunguka, anangoja mzee ainuke. Na kati ya wale kumi na wanne, hakuna hata mmoja ambaye si mkwe wa mtu. Kabale alilijua hilo tangu utotoni. Lakini miaka kumi na miwili hakuwa na mkwe wa kumkwepa. Alitembea popote, na miguu yake ilikuwa imesahau.

"Abiba! Njoo!"

Abiba alivuta leso mpaka puani. "Nizunguke wapi, dada?"

"Pita tu! Leo tu!"

Hakuna aliyesogea isipokuwa Gladys, Mturkana muuza makaa kutoka Ngaremara aliyekuwa amehamia mjini. "Hawa si wakwe zangu," akasema. Akapita mbele ya magoti yote kumi na wanne, "Habari zenu wazee, habari, habari," akasimama nyuma ya Kabale, karibu na Halima aliyekuwa amekuja na mama yake asubuhi. Wajane sita ambao wakwe zao walishakufa wakamfuata.

Kabale akawaendea wazee, akainama. "Baba zangu, naomba muinuke kidogo tu, wapite."

Jaldesa hakumtazama. "Tumekaa pahali tuliambiwa tukae. Na hili benchi ulibeba wewe."

Mzee mmoja akacheka. Kabale akamgeukia msimamizi.

"Sheria haisemi mambo ya benchi, mama," alisema. "Saa nne nahesabu."

Abiba akakaa chini kwenye vumbi. Wengine wakakaa pia. Mlolongo wa Umuro ulikuwa hapo hapo langoni, hakuna mzee aliyeziba njia yake, na waume waliwaita kwa majina. Kama ishirini hivi waliinuka, wakaenda wakitazama chini. Wengine walibaki wamekaa mpaka hesabu ikaisha. Umuro, mia tatu na kumi na mbili. Kabale, nane. Waliokaa chini hawakuhesabiwa.

Kijana wa gazeti alimfikia Kabale. "Mama, kwa nini wanawake wenzako wamekukataa?"

"Hawajanikataa. Angalia wale, wamekaa. Halafu angalia wazee wamewekwa wapi."

Alitazama upande huo kidogo, akakimbia kumpiga Umuro picha akiwa amebebwa mabegani. Gazeti likaandika kwamba wanawake wa Isiolo wamemkataa mwanamke mwenzao. Likasomwa kwa sauti kwenye hoteli za chai. Wanaume wakalipeleka nyumbani: "Si mnaona, nyinyi hampendani." Kabla ya mwezi kuisha, Kabale aliwasikia wamama njiani kwenda mtoni, wale wale waliokaa kwenye vumbi, wakiambiana kwamba adui ya mwanamke ni mwanamke. Hilo ndilo lilimvunja. Kiti alikuwa ameanza kuzoea kukikosa.

Abiba alikuja Ijumaa moja. Alikaa karibu na mlango, chai ikapoa mkononi.

"Ni kweli nilikukataa?" akauliza.

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilikaa chini."

"Ulikaa chini."

"Sikuenda kwa Umuro."

"Hukuenda. Basi waambie hivyo, Abiba. Waambie kwa nini mlikaa. Mimi nikisema wanaona ni uchungu wa kushindwa."

Abiba akakiweka kikombe chini. "Nikisema, wataniuliza ni nani alikuwa kwenye benchi. Na wewe unajua jina lake halitoki kinywani mwangu. Hata kwa mtoto wangu sijawahi kulitaja."

Kabale alijua. Alichukua kile kikombe, akamwaga chai iliyopoa, akammiminia nyingine ya moto. Wakainywa mpaka ikaisha.