Kondoo Aliyeacha Kucheua

Nakumbuka msimu mmoja wa mvua huku Bugeshi, mwanangu, nikiwa bibi harusi wa miezi miwili, nilivyokaribia kumuua kondoo kwa mapenzi.

Nilikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, na Kinyarwanda changu kilikuwa cha kubabaisha. Mabukwe, yaani mama mkwe wangu, aliwahi kuuza viazi Goma, basi akawa anazungumza nami Kiswahili cha sokoni ili nisijione mgeni. Akanipa na kondoo wake jike, mwenye mimba. Sikuwahi kuwa na mnyama wangu mwenyewe. Nilitaka mabukwe aone kwamba hakukosea kunipa.

Nilikuwa nimesikia kwamba majani ya kaliandra, ile miti tunayoipanda kwenye kingo za matuta, yananenepesha. Kwenda kukata nyasi kwenye tope nikaona ni kujitesa bure (uvivu nao ulikuwapo, nakiri). Siku tatu nikamjazia hori kaliandra tupu. Alikula hadi nikajisifu. Siku ya nne akasimama pembeni, tumbo limekaza, taya zimetulia. Hacheui. Nikaanza kulia.

Mabukwe alikuja, akamtazama, akachukua jani moja horini na kunipa.

"Tafuna, mwana wangu. Usiteme."

Nikatafuna. Ukakasi ukanishika ulimi, mate yakakauka.

"Unasikia vile kinywa inakauka? Na tumbo yake iko vile. Ile majani ni muzuri, lakini kidogo, juu ya nyasi mingi. We ulimupa tu, hukuangalia kama inasagika."

Hakunigombeza zaidi. Aliondoa majani yote, akaweka nyasi na maji, tukakaa naye humo bandani tukimkanda ubavu. Nilikuwa naogopa sana. Mimba ikiharibika, nitamtazamaje huyu mama? Alasiri ilikuwa inaishia alipoushika mkono wangu na kuuweka kwenye shingo ya kondoo. Nikahisi tonge likipanda kooni mwake, kisha taya zake zikaanza kusaga. Nililia tena, na mabukwe akanicheka.

Mwanakondoo alizaliwa salama. Mabukwe hayupo tena, na kila nikikata kaliandra namkumbuka.

Basi wewe, mwanangu, uliyepanda huku kwetu juzi kutoka Gisenyi na kondoo wako kwenye pikipiki, na tayari unaulizia kaliandra, nisikilize. Mpe majani mabichi, siku hiyo hiyo uliyoyakata, na yawe kidogo kuliko nyasi. Kisha usiondoke upesi. Kaa umwone akicheua, maana alichokula bila kusagika hakijamfaa kitu. Na siku ukipata mkamwana mgeni, mfundishe hivyo hivyo, kidogo kidogo, ukimngoja.

Mungu akupe banda lenye utulivu, mwanangu. Na siku utakapokosea, akupe mtu wa kuushika mkono wako na kuuweka kwenye shingo ya kondoo.